Upande wa Pili Bado Una Nafasi

Zima simu kwanza. Usiilaze tu kifudifudi hapo mezani kama mnavyofanya, izime kabisa nione kioo kimekuwa cheusi. Kama ulikuja kunirekodi, basi maliza chai uende zako, mimi siongei. Haya. Sasa nisikilize, na usinikatize kwa ile "una hakika, mama?" Nina hakika. Nilikuwa na macho yangu mawili na miwani juu yake, na ilikuwa saa tisa mchana. Nyinyi mmezoeshwa kwamba mambo haya huja usiku wa manane na bundi akilia. Ya kwangu yalibisha hodi wakati watoto wa nasari wanarudi nyumbani.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kabiro, Kawangware. Cherehani yangu ya miguu iko mlangoni pa chumba changu, nashona yunifomu za shule na kupunguza suruali. Uliza mtu yeyote kwenye hii ploti, watakuambia yule mama wa Kitui ana mdomo mkali, hakopeshi na hachekicheki, lakini uongo hajui. Basi.

Ili unielewe, lazima turudi nyuma kidogo. Mume wangu Muthama alikuwa mtu wa mjengo hapa Nairobi, mimi niko nyumbani Kitui na mtoto wetu mmoja, Ndunge. Simu ya mkononi hatukuwa tumeiona. Barua nayo, wakati huo kusoma kulinishinda, na sikutaka shemeji yangu anisomee maneno ya mume wangu huku anakohoakohoa kila akifika mahali patamu. Kwa hiyo Muthama alikuwa ananunua kaseti tupu, anakaa na redio yake chumbani, anabonyeza kile kitufe chekundu na kuongea. Upande wa kwanza ukijaa anampa Ngui, mtu wa kwetu aliyekuwa akipakia mizigo kwenye basi la Kitui. Ngui anateremka na vumbi lake, ananipa kaseti mkononi. Upande wa pili ulikuwa wangu. Naongea yangu, na wiki inayofuata Ngui anapita mlangoni, maneno ni yale yale kila mara: "Mwaitu, kaseti iko tayari?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba, ni heshima tu, maana tulikuwa karibu rika moja.

Sasa tega sikio hapa. Mtu wa kaseti hakuanza habari zake ovyo. Alianza na salamu, mmoja mmoja, kwa jina. Anasema, "Ndunge, wakya?" Hiyo ni salamu ya mkubwa kwa mtoto, na jibu lake ni "Aa" tu, basi. Akishasema ananyamaza kidogo, anakuachia nafasi uitikie. Na sisi tulikuwa tunaitikia! Ungetukuta watu sita mbele ya redio tunaisalimia, na hakuna aliyecheka. Kutoitikia kulikuwa kumtukana mtu aliyelala kwenye mabati Nairobi kwa ajili yako. Ndunge alikuwa na miaka saba, akili yote iko kwa kuku. Salamu yake ikipita hajaitikia, namfinya sikio mpaka anaruka. "Baba yako anakusalimu, wewe unanyamaza?" Nilimfinya mara tatu, nne. Ya tano haikuhitajika. Jina lake likitajwa tu, "Aa!" inamtoka kabla hajafikiri. Mimi ndiye niliyemfundisha. Shika hapo hapo, tutaparudia.

Muthama alianguka kutoka orofa ya nne, Jumamosi. Kaseti alikuwa amempa Ngui Ijumaa. Ngui akanifikia Jumapili na vitu viwili, kaseti mkononi na habari mdomoni, na maskini hakujua aanze na kipi. Mama mkwe wangu akaitazama ile kaseti, akasema, "Hiyo haisikizwi. Atatusalimu, nasi tutamwitikia. Aliyekwenda haitikiwi." Akaamuru izikwe naye. Nikapewa mimi niiweke kwenye jeneza. Nikaweka kasha lake tupu. Kaseti yenyewe nilikuwa nimeiweka kifuani, ndani ya blauzi.

Usinitazame hivyo. Ningefanyaje? Kaseti za awali zote tulikuwa tumerekodi upya juu yazo, maana kaseti moja ilikwenda na kurudi mpaka utepe uchakae. Sauti yake iliyobaki duniani ilikuwa hiyo peke yake. Sikuisikiliza, niliogopa. Nilihama nayo nilipokuja Nairobi kutafuta, nikaitumbukiza ndani ya mkebe wa vifungo, na humo ikakaa miaka ishirini na minane. Ngui naye akafa kwa kifua miaka michache baada ya Muthama. Nilikwenda mwenyewe mazishi yake, nikala pure ya matanga, mahindi na maharagwe, nikatupa udongo wangu. Alizikwa, nakuambia. Nilimwona akifukiwa.

Sasa njoo huku kwa leo. Ndunge yuko Uarabuni, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, pasipoti anawekewa na mwenye nyumba. Hupiga simu Ijumaa, siku yake ya kupumzika, kwa saa moja tu. Mtoto wake Mumbua ninaye mimi. Ana miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne, anangoja kujua ataitwa chuo gani, na alikuwa mwimbaji, sauti ya kwanza kanisani. Nasema alikuwa.

Nyinyi vijana mmeingiwa na nini na vitu vyetu vya zamani, hata sijui. Mumbua alirudi siku moja kutoka Gatina amebeba redio kaseti, kubwa, ya mawe sita ya betri na waya wa umeme, ameinunua kwa mtu wa vyuma chakavu. Haikuwa ikizunguka. Akaipeleka kwa Ouma, fundi wa redio ambaye ana kibanda hapo Gatina, mzee wa kutoka ziwani. Ouma akaitia mshipi mpya wa mpira, kisha akampa kaseti aijaribu. Mtoto akaitia juu chini. Akaigeuza, akaitia nyuma mbele. Ouma alicheka mpaka akakaa chini. Utepe ulipolegea akamwonyesha kuurudisha kwa kalamu ya biki, na Mumbua akashika kichwa. "Kalamu? Buda, na nikitaka kuskip wimbo?"

"Huskip. Unangoja."

"Nangoja?"

"Unangoja, nyathina, mtoto wangu. Wimbo mbaya unauvumilia mpaka uishe. Ndiyo maana sisi tumekaa kwenye ndoa."

Jioni yake ploti nzima ilikuwa nje. Keateka wetu, mwangalizi wa ploti, ambaye hajawahi kucheka na mpangaji, alitoa kaseti zake chini ya kitanda. Mke wake akalia kwa wimbo mmoja, kisha akakataa kusema kwa nini. Vijana walikaa kwenye ngazi wanauliza maswali, na sisi tunajibu tukipandishana sauti. Unajua ni kitu gani kwa mtu wa umri wangu kuulizwa swali na kijana, na kijana asubiri jibu? Tulijiona watu tena. Nami kwa furaha nikafungua mdomo, nikawaeleza habari ya kaseti za Muthama, salamu, kunyamaza, kuitikia, Ngui na basi lake, yote.

"Wacha!" Mumbua akaniambia mimi bibi yake. "Shosho, kumbe mlikuwa mnatumiana voice note na basi!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilieleza kila kitu isipokuwa neno la mama mkwe. Hilo sikulisema, kwa sababu ningelazimika kusema kwamba sikuizika. Aibu ilinifunga mdomo siku ambayo mdomo ulitakiwa kufunguka.

Jumanne iliyofuata nilipeleka sweta za shule Riruta Satellite. Nilimwacha Mumbua ashone vifungo kwenye mashati yaliyobaki. Vifungo viko wapi? Ndani ya mkebe. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Toa vile vyeupe, viko chini kabisa." Mimi mwenyewe!

Niliporudi, kabla hata ya kuingia langoni mwa ploti, nikasikia sauti ya Muthama. Usiniulize nilijuaje baada ya miaka yote hiyo. Ungejua wewe? Ungejua. Nikashika ukuta. Alikuwa anaongea Kikamba chetu cha nyumbani, taratibu, huku anavuta pumzi puani kama kawaida yake. "Huyo mtoto mlete likizo hii ya Aprili," alikuwa anasema, "nimnunulie viatu. Nimeshapima kwa macho, lakini miguu inakua. Ndunge, wakya?"

Kisha kimya. Ile nafasi.

Na Mumbua wangu, ambaye Kikamba chake ni cha kuombea maji tu, lakini salamu nilimfundisha, akajibu kwa furaha, "Aa!"

Redio ikasema, "Huyo si Ndunge."

Nikuapie kwa nini sasa? Kwa Mungu? Kwa macho yangu? Ilisema hivyo. Niliingia nikamkuta ameketi kitandani, shati mapajani, sindano mkononi, redio iko kwenye kigoda. Hakuwa ameogopa hata kidogo. Alinitazama akicheka, "Shosho, kumbe guka alikuwa na jokes! Alijuaje?" Alidhani ni mzaha ambao babu yake aliupanga zamani.

"Ni mtoto wa nani?" Muthama akauliza. Akanyamaza.

"Usijibu!" nikapiga kelele. Lakini nilikuwa nimechelewa, mtoto alishasema, "Ni Mumbua, wa Ndunge."

"Vizuri," akasema. "Basi njoo wewe."

Nilirukia ile redio nikaivuta waya mpaka soketi ikachomoka na vipande vya ukuta. Nikamshika Mumbua mabega, nikamuuliza umeongea naye tangu saa ngapi, umesema nini, mbona unagusa vitu vyangu. Akaanza kulia. Akaniambia alikuwa ameshasikiliza upande wa kwanza mara moja, halafu akageuza upande wa pili, akabonyeza kitufe chekundu na kurekodi jibu. Alimsalimu babu yake, akamwambia habari za mama yake, za shule, hata akamwimbia ubeti mmoja wa kanisani. Kisha akarudi upande wa kwanza kusikiliza tena.

"Si ulisema kutomjibu ni matusi?" akaniambia. "Si ulisema upande wa pili ni wa kujibu?"

Nilisema. Nilikaa chini sakafuni nikamshika, sote wawili tukalia, yeye hajui analilia nini.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi, ploti ikawa matope tupu. Nilikuwa kwenye cherehani mlangoni, natia pindo gauni, na pini nimezibana midomoni kama tunavyofanya sisi mafundi, tano au sita. Ilikuwa saa tisa, watoto wa nasari walikuwa wanapita na mifuko ya plastiki vichwani. Nikainua macho, Ngui amesimama mbele yangu.

Ngui yule yule. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Alikuwa na kofia yake ya sufu, na lile koti la basi lenye mfuko uliochanika. Lakini nitakuambia nilichotazama mimi, kwa kuwa kuinua macho usoni kulinishinda: nilitazama viatu. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Vilikuwa na vumbi jekundu la kwetu, kavu, linadondoka juu ya matope ya Kabiro. Mvua inanyesha, na yeye haloi.

"Mwaitu," akasema, kwa heshima ile ile. "Kaseti iko tayari?"

Nilifungua mdomo? Sikufungua. Ningefungua ningemeza pini. Nataka ujue sikuwa jasiri wala sikukumbuka maneno ya mama mkwe. Ni pini tu. Nilitaka kumwambia toka, nikabaki nanguruma puani, mguu wangu unaendelea kukanyaga pedeli kana kwamba ni wa mtu mwingine, sindano inashona gauni la watu likaharibika lote.

Mumbua akatoka ndani. "Niaje, uncle," akasema, mtoto mwenye adabu. "Ni hii?" Alidhani ametumwa na Ouma. Nilimwangalia akiichukua kaseti juu ya rafu nilikokuwa nimeificha nyuma ya Biblia, nikamwangalia akiinyoosha. Hatua nne tu. Nilikuwa naweza kumshika sketi. Mkono haukuinuka, haki ya Mungu, haukuinuka.

Ngui akaipokea kwa mikono miwili. Akaiweka sikioni, hivi hivi, bila redio wala nini. Akasikiliza kwa muda, anatikisa kichwa polepole, mara moja akatabasamu. Kisha akairudisha, akaiweka juu ya meza ya cherehani, karibu na mkasi wangu.

"Upande wa pili bado una nafasi, mwaitu," akasema. "Nitapita tena."

Akaenda kupitia langoni, na watoto wa nasari wakampisha.

Nilipoweza kuongea, nilimuuliza Mumbua kama amemwona mtu huyo. Amemwona, bila shaka, kwani yeye ni kipofu? Akaniambia ana vumbi sana huyo mtu wa Ouma. Nikafikiri labda yameisha hapo. Nikamshukuru Mungu.

Ijumaa Ndunge akapiga. Picha ikaja vizuri, uso wake na ule ushungi wanaomvalisha. Mumbua akaongea naye kama kawaida. Ndunge akakunja uso. "Mumbua, washa maiki. Sikusikii." Akaongea tena. "Bado. Mpe Shosho simu." Mimi nikasema neno moja tu, na Ndunge akanisikia vizuri kabisa. Tukadhani ni mtandao. Tukabadilisha laini, tukaazima simu ya keateka, tukakaa nje, tukakaa ndani. Mimi nasikika. Keateka anasikika. Jogoo wa jirani anasikika. Mumbua wangu anafungua mdomo, anasema "Mum, ni mimi," mimi niliye kando namsikia, na upande ule hakuna kitu.

Jumapili wakampa kipaza sauti kanisani aanzishe wimbo. Kipaza kilikuwa kizima, mchungaji alikuwa ametoka kukitumia. Mtoto akaimba, na wale wa kiti cha mbele wakasikia kidogo, na spika zikanguruma tupu. Nikampeleka kwa Ouma. Akamrekodi kwa simu yake, akamrekodi kwa redio, akamrekodi kwa mashine tatu. Tukasikiliza. Mvua ya juu ya bati ilirekodiwa. Pikipiki za nje zilirekodiwa. Hata tumbo la Ouma lilirekodiwa likinguruma. Mumbua alikuwa ameongea muda wote, na mahali pake palikuwa kimya.

Nikampa Ouma ile kaseti, upande wa pili. Akaweka masikio ya kuvaa, akasikiliza, akayavua haraka. "Mama," akasema, "sauti yake iko humu. Yote. Lakini yuko na mtu."

Unasema si ungeichoma? Kila mtu amesema hivyo. Mchungaji alisema choma, na mimi nilikubali, niliwasha jiko la makaa hapo nje na kuishikilia juu. Plastiki ilipoanza tu kutoa harufu, Mumbua akashika koo ndani ya nyumba, akaanguka kando ya kitanda anakohoa moshi, na moshi ulikuwa haujafika ndani. Nikaitoa. Ungeiacha wewe? Nikaipulizia kama mtoto aliyeungua, nikaifunga kwa leso. Na Ouma, ambaye ameshika redio tangu ujana wake, akaniambia kitu kimoja anachokijua kwa hakika: kilichofutwa kwenye utepe hakirudi.

Wiki nne zikapita. Mumbua aliitwa kwa simu kwa kazi ya duka kule Satellite, akashika akasema halo, yule mtu akasema halo, halo, akakata. Ndunge naye akaanza kuchanganyikiwa kule aliko. Anamwona mtoto kwenye kioo, mdomo unacheza, sauti hakuna. Akawaza tunamficha ugonjwa. Akawaza ile ni picha tu, mtoto ameshakufa zamani. Ijumaa ya tano akalia mpaka nikashindwa. "Mama, nitatoroka hapa nije, wanifunge wakitaka. Au nisikie sauti yake. Neno moja tu, Mama. Moja."

Sasa ungefanya nini, wewe uliyekaa hapo? Sauti ya mtoto ninayo. Iko ndani ya leso. Nilikuwa nimeshaisikiliza mara kadhaa, kwa mdomo uliofungwa, na nilijua mahali pake. Ile redio ina vinamba vidogo vinavyohesabu mwendo wa utepe. Mwanzoni kabisa Mumbua alikuwa peke yake, anasalimia na kuimba ule ubeti wake. Mwanamume alikuwa anaingia vinamba vikifika sitini. Nikawaza, nitamwekea mpaka hamsini, nizime. Mama asikie mtoto wake, atulie, abaki na kazi yake. Nilifikiri vizuri, si nilifikiri vizuri? Nikaweka kidole juu ya kitufe cha kuzimia kabla hata sijawasha.

Nikasogeza simu karibu na redio. "Msikilize," nikasema. Vinamba vikaanza. Mumbua akaimba. Na Ndunge, jamani, uso ulimfunguka, akaweka mkono mdomoni, machozi yanamtoka na anacheka. "Ni yeye," anasema. "Mama, ni yeye." Kumi na tano. Ishirini. Mimi nami nalia, natazama uso wa mtoto wangu, na mara moja tu, sekunde moja, sikutazama vinamba.

Hata hivyo havikuwa vimefika thelathini. Alikuwa amesogea. Alikuwa amekuja mbele.

"Ndunge," Muthama akasema, taratibu, na ile pumzi yake puani. "Wakya?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilibonyeza. Nakuapia nilibonyeza. Lakini hakuna mtu anayeweza kubonyeza upesi kuliko mtoto aliyefinywa sikio mara nne.

"Aa!" Ndunge akasema. Kisha akashtuka, akasema, "Baba?"

Na hapo simu ikanyamaza. Uso wake ulikuwa pale pale, mdomo unacheza. Anaongea, anaongea, anapigapiga simu yake kwa kiganja. Mimi nasema, "Ndunge, sema. Ndunge, sema." Yeye ananisikia, naona ananisikia, anajibu. Hakuna kitu.

Sasa huniandikia. Mumbua alinifundisha kusoma, la sivyo nisingepata hata hizo jumbe. Anaandika, "Mama je leo nasikika?" Kila Ijumaa. Nami namwandikia, "Bado." Mwanamke peke yake kwenye nyumba ya watu, ng'ambo, mlango umefungwa kwa nje, simu ndiyo iliyokuwa mdomo wake. Akipiga kuomba msaada, nani atasikia? Nilikwenda ofisi ya wale waliompeleka, wakampigia mbele yangu. Wakasema anashika lakini hataki kuongea, labda mama mmegombana. Nikatoka.

Mumbua yuko hapo nyuma ya pazia, usigeuke. Sauti inaendelea kupungua hata ya hapa ndani. Mwezi jana nilikuwa namsikia nikiwa kwenye cherehani. Sasa lazima niweke sikio karibu na mdomo wake.

Na kaseti? Naisikiliza, mara moja kwa wiki, ndiyo. Utanilaumu, lakini humo wako wote. Mtoto anaimba, Ndunge anacheka kama alivyocheka akiwa na miaka saba, Muthama anauliza habari za viatu. Huko ndani kuna kelele za nyumba yenye watu. Hapa kwangu ni cherehani tu. Na kila mara, kabla utepe haujafika mwisho, Muthama huniita mimi. Huniita kwa jina la usichana, ambalo sikuambii na usilitafute. Ananisalimu. Kisha ananyamaza, ananiachia nafasi, na nafasi yenyewe kila wiki ni ndefu kuliko ya juzi.

Mimi hujaza pini mdomoni kabla ya kuwasha. Sasa nimefika pini kumi.

Kwa hiyo nyinyi, mkikuta kaseti chini ya sanduku la bibi zenu, chekeni, pigeni picha, zungusheni na kalamu. Lakini muulize mwenyewe kwanza ni ya nani, na kwa nini haijasikilizwa. Na ukisikia imekutaja jina ikanyamaza, adabu yako yote uliyofunzwa iweke kando, ufumbe mdomo. Ngui hupita hapa siku za mvua. Hasemi kitu tena, hunitazama tu nikishona, anangoja.

Haya, washa simu yako. Na siku ukinipigia, uone nimeshika na husikii kitu, usiseme halo mara ya pili. Kata. Ujue nilichoka kukaa na kimya hiki, nikatema pini.